Ukiombwa Kujiunga na Utafiti wa Moyo au Mapafu

Mara nyingi mwaliko hukukuta siku ambayo mawazo yako yako mbali. Umeamka alfajiri kuwahi foleni ya kliniki ya moyo, umepimwa presha, umefanyiwa eko, daktari amekwambia kuwa vali moja haifungi vizuri na moyo umeanza kutanuka. Unatoka chumbani ukiwaza dawa, nauli na watoto. Mlangoni anakusubiri nesi mwenye faili. "Shikamoo mama. Naomba dakika chache, kuna utafiti tunafanya hapa kwa wagonjwa wenye shida kama yako." Unamwitikia marahaba, unakaa, na kabla hujajua sawasawa umekaa kwa ajili ya nini, rundo la karatasi liko mapajani mwako na kalamu iko juu yake.

Mwongozo huu ni wa dakika hizo, na wa miezi itakayofuata ukikubali. Namwandikia mgonjwa wa presha, wa vali, wa moyo uliochoka kusukuma damu, wa pumu, wa kifua kikuu, pamoja na ndugu aliyemsindikiza ambaye mara nyingi ndiye anayeulizwa, "Sasa tufanyeje?" Utafiti wa tiba naupenda na nauamini. Kwa sababu hiyohiyo huniuma kuona mtu amesaini asichokijua.

Daktari wako na mtafiti

Daktari anayekutibu anakutazama wewe. Dawa ikikusumbua leo, kesho anaibadilisha. Dozi ikiwa ndogo, anaiongeza. Mtafiti anatafuta jibu la swali, na jibu hilo hupatikana kwa kufuatilia mamia au maelfu ya watu kwa utaratibu mmoja ulioandikwa kabla mgonjwa wa kwanza hajasajiliwa. Inawezekana wote wawili ni mtu yuleyule, mwenye koti jeupe lilelile na upole uleule. Lakini akiwa upande wa utafiti, dozi zako, tarehe zako na vipimo vyako vimeshapangwa na utaratibu huo, wenyewe wanauita itifaki, na hawezi kuvipangua kwa sababu amekuonea huruma. Akiona hali yako inadai tiba nyingine, wajibu wake ni kukusimamisha utafiti na kukurudisha kwenye matibabu ya kawaida.

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Mtu anaona mashine mpya, anahudumiwa haraka kuliko wenzake waliobaki kwenye benchi, anapigiwa simu kuulizwa hali, basi anaamini kuwa dawa aliyopewa imechaguliwa kwa ajili yake. Haikuchaguliwa. Ingekuwa imeshajulikana kuwa ndiyo bora, utafiti usingekuwa na sababu ya kufanyika.

Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya mengine yote ni hili: "Nikikataa, nitatibiwaje?" Jibu linalokubalika ni moja: utaendelea kutibiwa kama ulivyokuwa ukitibiwa, bila kununiwa wala kusogezwa mwisho wa foleni. Hilo si fadhila ya mtu. Limo katika Tamko la Helsinki, msingi wa maadili ya utafiti wa tiba ambao madaktari wa dunia waliupitisha mwaka 1964 na wamekuwa wakiurekebisha, mara ya karibuni mwaka 2024. Ukijibiwa kwa kuzungushwa, au ukaambiwa dawa nzuri ziko kwa watafiti tu, usisaini siku hiyo.

Kwa nini wakutafute wewe

Wapo wanaouliza kwa uchungu kwa nini majaribio yasifanyike kwa matajiri. Swali ni la haki, historia imetoa sababu za kuliuliza. Ila kwa magonjwa kadhaa ya moyo jibu ni kwamba wagonjwa wako huku. Chukua ugonjwa wa vali unaoanzia kooni. Mtoto anaugua koo kwa bakteria wa streptokoka, hatibiwi ipasavyo, na mwili wake ukiwa unapambana na bakteria hao unaanza kuushambulia hata moyo wake mwenyewe. Miaka baadaye vali zimekakamaa au hazifungi. Katika nchi tajiri ugonjwa huu umekuwa nadra. Kwetu bado unawalaza vijana, na unawakuta kina mama wengi wakiwa wajawazito. Sasa, dawa mpya za kuzuia damu kuganda zilipojaribiwa kwa watu wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, majaribio yale makubwa yaliwaacha nje wagonjwa ambao vali yao imesinyaa sana. Daktari wa Mwanza au wa Kisumu akabaki kukisia kama dawa hizo zinamfaa mgonjwa wake.

Utafiti ulioitwa INVICTUS ndio uliokuja kujibu. Ulisajili wagonjwa 4,565 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Latini. Nusu walipangiwa rivaroksabani, dawa mpya isiyomlazimu mgonjwa kupimwa damu mara kwa mara, na nusu wakapangiwa dawa za zamani za jamii ya wafarini. Wengi walitarajia kwamba ile mpya haitashindwa na ya zamani. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2022 yakawa kinyume: kwenye kundi la dawa ya zamani vifo vilikuwa vichache zaidi, na kuvuja damu kwingi hakukuzidi kwa wenzao. Leo daktari akisisitiza uendelee na wafarini pamoja na adha yake yote ya kupimwa damu, anategemea jibu lililotolewa na wagonjwa waliokubali kuombwa kama unavyoombwa wewe.

Karibu zaidi nasi kuna watoto wa Gulu, kaskazini mwa Uganda. Katika utafiti wa GOAL, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 zaidi ya 100,000 walipimwa moyo kwa eko, na 818 walioonekana na dalili za mwanzo kabisa za ugonjwa huo wa vali, wakiwa hata hawajihisi wagonjwa, wakaingia kwenye hesabu ya matokeo ya jaribio. Kundi moja lilichomwa sindano ya benzathini penisilini kila baada ya wiki 4 kwa miaka 2. Kundi la pili halikuchomwa, lilifuatiliwa tu. Muda ulipokwisha, ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa watoto 3 wa kundi la sindano, na kwa watoto 33 wa kundi lisilochomwa. Dawa yenyewe ni ya zamani na bei yake ni ndogo. Kilichokosekana ni uhakika kuwa inawasaidia watoto wa hatua hiyo, na uhakika huo ulipatikana kwa wazazi wa Gulu kukubali jambo zito: kwamba mtoto wao anaweza kuangukia kundi la wasiochomwa.

Na usidhani kulinganisha makundi ni ukatili wa watafiti. Marekani, katika miaka ya 1980, madaktari walizoea kuwapa watu waliowahi kupata shambulio la moyo dawa za kutuliza mapigo yanayoruka. Mapigo yalitulia kweli, kila mtu akaridhika. Utafiti wa CAST ulipowagawa wagonjwa 1,498 makundi mawili, wengine wakipewa mojawapo ya dawa hizo, enkainidi au flekainidi, wengine vidonge visivyo na dawa, walikufa 63 upande wa dawa na 26 upande wa vidonge vitupu. Jaribio la dawa hizo lilisimamishwa mwaka 1989. Kipimo kilikuwa kinapendeza huku watu wanakufa, na bila kundi la kulinganisha hakuna ambaye angelijua.

Kwenye mapafu mambo ni hayohayo. Utafiti wa REMoxTB, ulioshirikisha wagonjwa 1,931 wa kifua kikuu wakiwemo wa Tanzania na Kenya, ulijaribu kufupisha matibabu kutoka miezi 6 hadi 4 kwa kutumia moksifloksasini. Makohozi yalisafika mapema zaidi, lakini ugonjwa uliwarudia wengi zaidi kuliko waliomaliza miezi 6. Hayo yalitangazwa mwaka 2014. Mwaka 2021 utafiti mwingine, wa watu 2,516 katika nchi 13, ulionyesha kuwa miezi 4 inawezekana iwapo moksifloksasini inatumika pamoja na rifapentini. Wale wa kwanza, ambao kwao dozi fupi haikutosha, ndio waliofungua njia. Ukweli huo uupime kwa utulivu: unaweza kujiunga, ukaangukia upande ambao haukufaidika, na bado ukawa umesaidia. Kama hilo hulikubali moyoni, kataa bila aibu.

Kabla ya kusaini

Omba fomu uende nayo nyumbani. Isipokuwa kwenye dharura kama shambulio la moyo au mtoto anayeshindwa kupumua, hakuna utafiti wa kweli usioweza kukusubiri siku mbili tatu. Isome na mtu unayemwamini: binti yako aliyesoma, mwalimu wa jirani, muuguzi wa zahanati ya mtaani. Iwe kwa Kiswahili au kwa lugha unayoielewa zaidi. Kama hujui kusoma, una haki ya kusomewa yote mbele ya shahidi asiye mmoja wa watafiti, naye atatia sahihi wakati wewe unaweka dole gumba. Baki na nakala yako. Wengi hawaichukui, halafu likitokea jambo usiku hawana hata namba ya kupiga.

Kwenye fomu tafuta vibali. Tanzania Bara, utafiti wa kujaribu dawa unapaswa kuwa umepitishwa na kamati ya maadili ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na kuruhusiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Zanzibar ina kamati yake chini ya Taasisi ya Utafiti wa Afya, ZAHRI. Kenya, ulizia idhini ya kamati ya maadili, kibali cha Bodi ya Famasia na Sumu, na leseni ya NACOSTI. Uganda kuna Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia pamoja na mamlaka ya dawa ya huko. Fomu inapaswa kuonyesha pia simu ya kamati ya maadili, tofauti na simu ya mtafiti. Ipige. Uliza kama utafiti wa jina hilo, hospitali hiyo, wanaufahamu. Kijana wa nyumbani mwenye intaneti anaweza pia kuutafuta kwenye daftari la majaribio ya tiba la Afrika, PACTR, linalotunzwa Cape Town, ambako majaribio huandikishwa hadharani.

Kisha uliza jaribio liko awamu gani, kwa maana hatari hazilingani. Awamu ya kwanza ni ya watu wachache, na dawa ndiyo kwanza inaingia kwa binadamu. Lengo ni kujua kama ni salama na dozi gani inavumilika. Ya pili inatazama kama kuna dalili ya kufaa. Ya tatu inalinganisha dawa na tiba iliyopo kwa mamia au maelfu ya watu. Ya nne hufuatilia dawa iliyokwisha kusajiliwa. Wagonjwa wengi wa kliniki zetu huombwa kuingia awamu ya tatu au ya nne, au utafiti usiojaribu dawa yoyote, unaofuatilia tu hali zenu kwa miaka. Huo wa mwisho ni mwepesi kuukubali, ingawa nao unachukua damu yako, muda wako na taarifa zako.

Suala la makundi litakusumbua zaidi, kwa hiyo lielewe mapema. Anayeamua uwe kundi gani si daktari wala nesi. Ni kompyuta, na inaamua kama mtu anayerusha shilingi hewani. Mara nyingi wewe hutaambiwa umeangukia wapi, na daktari pia hataambiwa, ili matumaini yenu yasitie rangi matokeo. Uliza kundi la kulinganishwa linapewa nini. Kama kuna tiba inayojulikana kufanya kazi kwa ugonjwa wako, kwa kawaida kundi hilo linatakiwa kuipata, na dawa mpya ama inalinganishwa nayo ama inaongezwa juu yake. Katika utafiti wa CREOLE kuhusu presha kwa Waafrika, uliotolewa mwaka 2019 na kushirikisha Kenya na Uganda, kila mmoja kati ya washiriki 728 alikuwa anakunywa dawa mbili za kweli. Tofauti ilikuwa ni mchanganyiko upi. Kidonge kisicho na dawa peke yake, kwa mgonjwa mwenye presha iliyopanda kiasi cha hatari au pumu ya kubana usiku, kinahitaji maelezo ya kina, na uyadai.

Yapo majaribio yanayokutaka kwanza uache dawa zako za kawaida kwa siku au wiki kadhaa ili mwili utakate. Hapa nakuomba usimame kabisa. Uliza unaacha dawa ipi, kwa siku ngapi, nani atakupima katika siku hizo, na ufanye nini presha ikipanda au kifua kikibana. Usiache wafarini, inhela ya kila siku, au dawa ya moyo kwa maneno ya mdomo. Iwe imeandikwa, na daktari wako wa kliniki awe anajua.

Siku ya vipimo

Vipimo vya moyo na mapafu haviumi sana ila vinachosha, na ukivijua mapema hutaviogopa.

Kwenye eko utalala kwa ubavu wa kushoto, kifua wazi, na kifaa chenye jeli ya baridi kitasukumwa katikati ya mbavu. Mwanamke anaweza kuomba mhudumu wa kike awepo na kitambaa cha kujisitiri, na ombi hilo halimkwazi mtu. Kipimo cha umeme wa moyo ni waya za kubandikwa tu, hazikupigi shoti. Ukijiunga na utafiti wa kifua kikuu sugu wataupima umeme huo tena na tena, kwa kuwa dawa kama bedakwilini na moksifloksasini zinaweza kuathiri mwendo wa umeme wa moyo. Kuitwa mara nyingi kwa kipimo hicho si ishara kwamba wamekuona na ugonjwa mpya.

Kipimo cha kupuliza ndicho kinachowashinda wengi. Unakaa wima, pua inabanwa kwa kibanio, unavuta hewa hadi mapafu yajae, unakaza midomo kwenye mrija, kisha unapuliza kwa nguvu zako zote kwa ghafla na kuendelea kupuliza hata pale unapodhani hewa imekwisha, huku mpimaji anakuhimiza kwa sauti kubwa, "Endelea, endelea, endelea!" Utarudia angalau mara tatu, pengine zaidi, mpaka majibu yalingane. Kizunguzungu kidogo ni cha kawaida, sema, utapumzishwa. Ila waambie kabla kama umefanyiwa upasuaji wa jicho, kifua au tumbo karibuni, umewahi kukohoa damu, au ulipata shambulio la moyo wiki chache zilizopita. Huenda pia ukaagizwa usitumie inhela ya kutuliza kwa muda wa saa 4 hadi 6 hivi kabla ya kupuliza. Nenda nayo mfukoni. Kifua kikibana njiani, itumie, kisha waambie. Kipimo kitasogezwa siku nyingine.

Kuna pia kutembea kwa dakika 6. Wanatafuta ukumbi ulionyooka wa mita 30, wanaweka koni kila mwisho, wanakuvisha kidoleni kifaa cha kupima oksijeni, na wewe unatembea kwenda na kurudi kwa mwendo wako mwenyewe. Unaruhusiwa kusimama ukiishiwa pumzi. Kinachowashangaza wagonjwa ni kwamba nesi aliyekuwa mchangamfu muda wote ghafla haongei. Kila dakika anatamka sentensi ileile: unaendelea vizuri, zimebaki dakika kadhaa. Hajakukasirikia. Mgonjwa anayeshangiliwa hutembea mbali zaidi, basi kila mshiriki lazima asikie maneno yaleyale kwa sauti ileile. Nenda na viatu vya chini, usiwe umetoka kula ukashiba, na kama una fimbo ya kutembelea ichukue.

Unafunga Ramadhani? Sema wakati wa kusajiliwa, usingoje mwezi uandame. Ratiba ya vidonge, inhela na kuchotwa damu inaweza kujadiliwa mapema, na kama haiwezekani kubadilishwa ni heri ujue kabla ya kuingia kuliko kuruka dozi kimyakimya.

Damu, nauli na maneno ya mtaani

Pwani na bara, hofu ya mumiani haijafa. Utafiti unapochota damu, watu wananong'ona kuwa inauzwa. Siwabezi wanaonong'ona. Watu wamewahi kuchotwa damu bila kuelezwa chochote, na kimya huzaa hofu. Dawa yake ni kuuliza mililita ngapi. Mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Vipimo vya ziara moja huwa vijiko viwili, vitatu, wakati mtu anayejitolea damu hospitalini hutoa karibu mililita 450 kwa mara moja. Uliza itapimwa nini, itatunzwa wapi, itasafirishwa nje ya nchi au la, na kama watataka kuihifadhi kwa tafiti za baadaye au kuchunguza vinasaba. Hayo mawili ya mwisho kwa kawaida yana kisanduku chake kwenye fomu, na unaweza kukubali utafiti huku umekataa hayo.

Kuhusu fedha, mshiriki halipi. Vipimo na dawa za utafiti ni juu ya watafiti, na desturi ni kukurudishia nauli na kukufidia muda uliopoteza shambani au dukani. Anayekutoza pesa ya "usajili" ni tapeli, mripoti hospitalini. Upande wa pili, kiasi kinachotolewa kikiwa kikubwa hata unahisi huwezi kukataa, jiulize kama unaisaini afya yako au deni lako la kodi ya nyumba. Nayajua maisha yalivyo. Nakuomba tu ujipe usiku mmoja wa kulifikiria. Na uliza jambo ambalo watu huona haya kuliuliza: "Nikiumizwa na dawa hii, nani atagharimia matibabu yangu, na kuna bima?" Jibu liwe kwenye karatasi.

Taarifa zako nazo zina ulinzi. Kenya ina sheria ya kulinda data ya mwaka 2019, Tanzania ina ya mwaka 2022. Kwenye mafaili ya utafiti unapaswa kuwa namba. Kama una VVU au kifua kikuu na hutaki nyumbani wajue, waambie wasifike kwako na gari lenye nembo, na wapige simu yako mwenyewe.

Ukishaingia

Tembea na kadi ya utafiti pamoja na kadi ya kliniki. Ukianguka sokoni ukapelekwa kituo kingine, daktari wa huko anahitaji kujua kuwa unakunywa dawa ya majaribio. Waambie watafiti kila kitu unachotumia, hata mwarobaini, hata dawa ya maji kutoka kwa mganga. Hawatakucheka. Dawa na vyakula vingi vinaigusa wafarini, na rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu zake kwa kiasi kikubwa, kama inavyopunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango.

Kwa sababu hiyo, mama ambaye bado anazaa ataulizwa maswali ya faragha na kupimwa mimba mara kwa mara. Ukishika mimba katikati ya utafiti, wapigie siku hiyohiyo. Usiogope kuwa utagombezwa. Dawa nyingine zinaweza kumdhuru mtoto tumboni, na kila siku ina uzito.

Kama mshiriki ni mwanao, wewe ndiye unayetoa ruhusa, lakini mtoto aliye na umri wa kuelewa anaulizwa pia, na akikataa asikilizwe. Mwambie ukweli kuhusu sindano. Ile ya benzathini inauma, na mtoto aliyedanganywa mara ya kwanza hatarudi wiki ya nne.

Ukitapika, ukivimba miguu ghafla, ukiishiwa pumzi ukiwa umelala, ukizimia, ukikohoa damu, ukiona mkojo au kinyesi kina damu, usingoje tarehe ya ziara. Piga namba iliyo kwenye fomu, na kama haipokelewi nenda hospitali iliyo karibu. Kila tukio baya linaandikwa na kupelekwa kwa kamati huru ya usalama, watu wasio waajiriwa wa utafiti, wanaoweza kuamuru jaribio lisimame. Lakini kamati hiyo haiwezi kuona ulichokificha.

Unaweza kujitoa siku yoyote, bila kutoa sababu. Ninachokusihi ni usitoweke. Nenda, au piga simu, useme umeacha, kwa kuwa dawa nyingine za moyo zikikatizwa ghafla mapigo na presha hurudi kwa kishindo, na wanapaswa kukuonyesha namna ya kuziacha salama. Unaweza pia kuacha dawa lakini ukakubali waendelee kukupigia simu kujua hali yako, jambo linalousaidia sana utafiti na halikugharimu kitu.

Utafiti ukiisha

Hili liulizwe mwanzoni kabisa, ingawa naliweka mwisho: dawa ikinifaa, nitaendelea kuipata? Kuna tafiti zinazoahidi mwaka mmoja zaidi, zingine mpaka dawa isajiliwe nchini, zingine haziahidi chochote. Mtu aliyepumua vizuri kwa miezi 18 kisha akaambiwa dawa imekwisha, na dukani haipo au bei yake ni mshahara mzima, ana haki ya kuhuzunika, na zaidi ya hapo alikuwa na haki ya kuambiwa kabla.

Siku ya ziara ya mwisho omba muhtasari wa vipimo vyako vyote kwa maandishi, uende nao kwa daktari wako wa kliniki. Eko za miaka 2 zilizofanywa kwa uangalifu ni hazina ambayo kliniki ya kawaida isingekupa. Uliza matokeo ya utafiti yatatoka lini na mtajulishwaje, na uliza ulikuwa kundi gani. Siri ya makundi ikishafunguliwa, wanaweza kukwambia. Hilo huchukua mwaka au zaidi, basi waachie namba ya simu ya ndugu ambayo haibadilikibadiliki. Mwaka ukipita kimya, wapigie, na wasipojibu, piga ile namba ya kamati ya maadili iliyo kwenye nakala yako ya fomu, ujitambulishe kama mshiriki, uulize utafiti wenu umefikia wapi.